Hewa Kidogo: Nilivyojifunza Kupiga Mbizi kwa Suti Kavu

Suti kavu, vazi la kuzamia lisiloingiza maji, haina joto lake yenyewe. Chukua ile ya kitambaa cha tabaka tatu, nailoni nje na ndani, utando wa mpira katikati: ukiivaa juu ya fulana tupu na kuingia kwenye maji ya nyuzi joto 6, utatetemeka kabla hujafika chini. Joto linatokana na hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi za nguo nene unayovaa ndani. Suti ina kazi moja tu, kuzuia maji yasichukue nafasi ya hewa hiyo. Lakini hewa hubanwa, hutanuka, huhama, na ikipata nafasi hupanda juu pamoja nawe. Kila nilichofundishwa tangu siku ya kwanza, kuanzia kukata mpira wa shingoni hadi kuinua kiwiko wakati wa kupanda, kilirudi kwenye swali lilelile: una hewa kiasi gani ndani ya hiyo suti, na iko wapi sasa hivi?

Nimelipenda somo hili kuliko kozi nyingine yoyote ya kuzamia niliyosoma, na nataka kulieleza kwa urefu. Wengi wanaofikiria kujaribu huambiwa kwamba suti kavu ina joto na kwamba ina hatari zake, halafu wanaachwa hapo. Kinachounganisha hayo mawili ni hewa ileile. Inayokupa joto ndiyo inayoweza kukurusha juu miguu ikitangulia.

Kwanza, kwa nini mtu ahangaike nayo. Maji hunyang'anya mwili joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa ya nyuzi joto zilezile. Suti ya kawaida ya neopreni, ambayo wazamiaji wengi huanza nayo, huruhusu maji kidogo yaingie na kukaa karibu na ngozi, na kinga yake hasa ni vipovu vya gesi vilivyomo ndani ya mpira wenyewe. Ukishuka, vipovu hivyo husinyaa. Kwenye mita 30 shinikizo ni mara 4 ya lile la juu, na suti iliyokuwa nene ufukweni imekuwa nyembamba mahali ambapo baridi ni kali zaidi. Kwenye maziwa ya nchi zenye majira ya baridi mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu maji yasiyo na chumvi huwa mazito kuliko yote yakiwa kwenye nyuzi 4. Maji hayo huzama na kukaa chini, kwa hiyo juu kunaweza kuwa na kiangazi kizuri cha kuogelea huku chini ya tabaka fulani, ambalo unalivuka kwa mapigo machache ya mapezi ya miguuni, kukiwa na nyuzi 4 au 5 mwaka mzima.

Na huko kwenye baridi kuna mambo makubwa ya kuona. Silfra, ule ufa ulioko kati ya bamba la ardhi la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia huko Iceland, una maji ya nyuzi 2 hadi 4 yaliyochujwa na miamba ya volkeno hadi mtu anaona zaidi ya mita 100 mbele yake. Scapa Flow, kaskazini ya Scotland, bado ina baadhi ya meli za kivita ambazo Wajerumani walizizamisha wenyewe tarehe 21 Juni 1919. Bahari ya Baltiki ina chumvi haba mno kwa kiumbe anayetoboa mbao, ndiyo maana meli ya Vasa, iliyozama Stockholm mwaka 1628, iliweza kuinuliwa mwaka 1961 ikiwa bado ni meli. Nilipojua kwamba mahali kama hapo pangebaki kwenye picha tu mpaka nijifunze vazi hili, niliacha kusitasita.

Kuvaa kwenyewe ni somo. Shingoni na kwenye vifundo vya mikono kuna mipira inayobana ngozi, ya lateksi, silikoni au neopreni, na hapo ndipo ukavu wako ulipo. Lateksi mpya hupakwa poda isiyo na manukato ili iteleze, na huvutwa kwa viganja, kucha huichana. Ukiingiza kichwa, unapitisha kidole kuzunguka shingo nzima, maana shada moja la nywele au ukosi wa nguo ya ndani ukinaswa chini ya mpira, maji yatapata mfereji. Mkononi kuna siri ambayo watu huchelewa kuijua: ukikunja ngumi, kano za kifundo hutokeza na kuacha vijia vidogo kati yake. Mtu anayeshika taa kwa nguvu hutoka na mkono wa nguo umelowa, kisha anailaumu suti. Dawa yake ni kuusogeza mpira juu kidogo, pale mkono unapoanza kuwa mviringo, na kushika vitu kwa upole.

Mpira wa shingoni nauwekea mkazo wa pekee. Ukibana mno unakandamiza mishipa ya shingo, ile yenye vihisio vinavyouambia moyo upunguze mwendo, na mtu anaweza kusikia kizunguzungu au hata kuzimia. Kwa hiyo lateksi mpya hukatwa, pete moja nyembamba baada ya nyingine, ukijaribu kila mara, kwa kuwa kilichokatwa hakirudi. Mwalimu wangu alikata wa kwangu akiwa kimya kabisa, akaniuliza kila baada ya pete kama naweza kumeza mate bila taabu. Nilipojibu kwamba sasa naweza, aliweka mkasi chini, ingawa kwa macho yangu bado ulionekana mdogo mno kupitisha kichwa.

Halafu zipu. Isipofika mwisho kabisa, hata kwa sentimita moja, suti itajaa maji, na kwenye suti nyingi zipu inapita mgongoni ambako huwezi kuiona. Mwenzako anaifunga, kisha anavuta mara moja zaidi. Baada ya hapo unachuchumaa, unaukumbatia mwili wako, unavuta mpira wa shingoni kwa kidole na kuiacha hewa itoke kwa mlio. Hewa inaanza kupunguzwa hata kabla ya maji.

Mazoezi ya kwanza tuliyafanyia kwenye bwawa la kuogelea, na nashukuru. Ukiingia hadi shingoni, maji yanaikandamiza suti kutoka pande zote. Unaisikia ikipanda miguuni, kiunoni, kifuani, ikisukuma hewa kuelekea kwenye vali ya kutolea iliyoko mkono wa kushoto, karibu na bega. Ukizama mita chache tu, kitambaa kinakushika. Mikunjo inabana ngozi kwapani na kwenye mapaja, kifua kinahisi uzito kila unapovuta pumzi. Wazamiaji huita hali hii kubanwa, na sababu yake ni hesabu nyepesi. Kwenye mita 10 shinikizo ni bari 2, mara mbili ya lile la juu, na lita 8 za hewa zimekuwa 4. Kwenye mita 30 zimebaki 2. Asiyeongeza hewa hutoka na michirizi myekundu mwilini.

Tiba yake ni kitufe cha kifuani, kilichounganishwa na mtungi wa hewa kwa mpira mwembamba. "Bonyeza, acha, pumua," mwalimu alikuwa akituambia kabla hatujashuka. Mbonyezo mfupi, kisha subira ya pumzi mbili tatu, kisha mwingine kama bado unahitajika. Subira hiyo ina maana. Hewa inachukua muda kuenea kwenye nyuzi za nguo ya ndani, na asiyesubiri ataongeza mara ya pili kabla ya ile ya kwanza kufika. Kwenye maji ya baridi kali mbonyezo mfupi una faida nyingine: hewa inayotoka kwenye shinikizo kubwa hupoa sana inapotanuka, na mbonyezo mrefu unaweza kugandisha vali ikabaki wazi, au kuifanya regyuleta, kile kifaa kinachokuletea hewa mdomoni, imwage hewa bila kukoma. Kwa sababu hiyohiyo tulizoezwa tusibonyeze huku tunavuta pumzi.

Hewa ikishaingia, inaanza safari zake. Nilipolala kifudifudi majini niliisikia mgongoni, ukanda mwembamba kutoka mabegani hadi kiunoni. Nilipoinua kichwa ikaja kifuani na shingoni. Nilipoinamisha kichwa kidogo kutazama sakafu ya bwawa, ikaanza kuelekea miguuni. Inafanya kama povu la kwenye pimamaji la fundi mwashi: popote palipo juu zaidi, ndipo linapokwenda. Sina namna bora ya kueleza kwa nini suti kavu inamfanya mtu aujue mlalo wa mwili wake. Kwenye suti ya neopreni ningeweza kuwa nimepinda bila kujua. Humu ndani, nikipinda, naambiwa mara moja.

Na miguuni ndipo mahali pabaya. Hewa ikijaa huko, miguu inapanda, hewa zaidi inaifuata, viatu vya suti vinavimba, na mapezi yanaweza kuchomoka. Vali ya kutolea iko karibu na bega, ambalo sasa liko chini, kwa hiyo haitoi chochote. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyotanuka, na unapanda kwa kasi zaidi. Zoezi la kujinasua tulilirudia mpaka likawa la mwili: kunja magoti hadi kifuani, jikunje uwe mdogo, jiviringishe mpaka kichwa kiwe juu, nyosha miguu chini, kisha inua mkono wa kushoto na utoe hewa. Maelezo yake ni marefu kuliko kitendo chenyewe. Lakini lazima kifanyike mapema, wakati miguu ndiyo kwanza inaanza kuwa myepesi, na wepesi huo wa mwanzo ni hisia ambayo hakuna kitabu kinachoweza kukupa. Ningemshauri yeyote amwombe mwalimu wake muda wa ziada kwa zoezi hili, hata kama ratiba haisemi hivyo.

Sasa nifike kwenye risasi, vile vipande vizito anavyovaa mzamiaji ili azame, maana hapa ndipo watu wengi wanaharibu kila kitu kingine. Suti kavu na nguo yake nene hubeba hewa nyingi, kwa hiyo zinahitaji uzito zaidi ili mtu azame. Hilo ni kweli. Lakini kutoka hapo wengine hujiongezea vipande viwili vitatu kwa ajili ya usalama, na usalama unakwenda kinyume. Lita moja ya maji ina uzito wa karibu kilo moja. Kila kilo ya risasi usiyoihitaji inadai karibu lita moja ya hewa ya kuibeba, na lita hiyo itakuwa inazurura mahali fulani, ikitanuka unapopanda. Mzamiaji aliyejaza kilo nne za ziada amejinunulia lita nne za matatizo.

Kipimo sahihi hufanywa mwishoni mwa mzamio, mtungi ukiwa umebaki na takriban bari 50, ukiwa kwenye mita 3 hadi 5. Unatoa hewa yote kwenye jaketi la kuelea, lile linalojazwa hewa ili likubebe, unaacha kwenye suti ile inayotosha tu usibanwe na usisikie baridi, na unapaswa kuweza kukaa hapo bila kupanda wala kushuka. Sababu ya kupima mwishoni ni kwamba hewa ina uzito. Mtungi wa lita 12 wenye bari 200 una lita 2,400 za hewa, karibu kilo 3. Ukitumia robo tatu yake umekuwa mwepesi kwa zaidi ya kilo 2, na aliyepima mwanzoni atashangaa mwishoni akivutwa juu, tena pale hasa anapotakiwa kutulia.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonisaidia kuuelewa ubishi mmoja wa kudumu kati ya wazamiaji. Wako wanaofundisha kwamba chini ya maji utumie suti peke yake kujisawazisha, na jaketi la kuelea libaki kwa ajili ya kukaa juu ya maji. Wengine wanasema suti ipate hewa ya kuondoa kubanwa tu, na kuelea kote kufanywe na jaketi. Pande zote zina watu makini. Mzamiaji mwenye mtungi mmoja na risasi sahihi ana uzito wa ziada wa kilo 2 na kitu mwanzoni, yaani lita 2 na kitu za hewa. Kiasi hicho kikiwa kwenye suti hakimsumbui sana, na anayesimamia kitufe kimoja ana jambo moja dogo la kukumbuka. Lakini mwenye mitungi miwili ya lita 12 iliyojazwa bari 230 amebeba hewa ya zaidi ya kilo 6. Lita 6 zikizunguka kwenye suti kutoka mabegani hadi miguuni ni jambo jingine kabisa, na hapo jaketi halina mbadala.

Mimi nimechagua njia ya pili hata kwa mtungi mmoja. Naweka kwenye suti kile ambacho ngozi inaniomba, basi, na mengine yote kwenye jaketi, kwa sababu nataka povu linalohama liwe dogo kadiri inavyowezekana. Nakiri ina gharama yake: wakati wa kupanda kuna sehemu mbili za kutolea hewa badala ya moja.

Kupanda ndiko kunakodai utulivu kuliko yote. Vali ya kutolea unaifungua yote mwanzoni mwa mzamio na kwa kawaida unaiacha hivyo. Inaachia hewa yenyewe ikiwa ndiyo sehemu ya juu zaidi ya suti. Kwa hiyo unainua kiwiko cha kushoto, kiganja kikining'inia. Ukiinua kiganja juu ya vali, hewa inakwenda kwenye kifundo na kukaa huko. Ukiwa umelala unageuka kidogo upande wa kulia ili bega la kushoto liwe juu. Mwendo ni mita 9 kwa dakika au pungufu, na mita 10 za mwisho ndizo ngumu, kwa kuwa hapo hewa iliyobaki inakuwa mara mbili. Nilijifunza kuanza kutoa kabla sijasikia haja. Ukisubiri mpaka usikie unavutwa, tayari unaikimbiza hewa inayokwenda mbele yako.

Kuna jambo la joto na muda ambalo kozi fupi hulipita haraka. Jeshi la Majini la Marekani lilichapisha mwaka 2007 utafiti wake kuhusu joto la mwili na ugonjwa unaoletwa na mapovu ya nitrojeni. Waliokaa kwenye maji ya joto wakiwa chini, kisha wakapata baridi wakati wa kupanda, ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Waliopata baridi chini na joto wakati wa kupanda walikuwa salama zaidi. Ile ilikuwa mizamio mirefu ya kijeshi, na majini huwezi kupanga baridi upendavyo. Lakini mzamiaji wa burudani kwa kawaida hufuata ule mpangilio mbaya bila kukusudia: anaingia akiwa na joto, anafanya kazi, kisha wakati wa kupanda anasimama kwenye mita 5 akiwa ametulia na kupoa. Kwa hiyo nguo ya ndani nzuri, ya sufu au ya nyuzi zisizonyonya maji, ina kazi kubwa hasa mwishoni. Pamba haifai, ikishika jasho inabaki na unyevu na kukupoza.

Baridi na shinikizo la maji huleta pia haja ndogo. Damu inasukumwa kutoka mikononi na miguuni kuelekea kifuani, mwili unadhani una maji mengi, na figo zinaanza kazi. Wapo wanaokataa kunywa maji asubuhi ili wasipate taabu hiyo, na hapo wanajidhuru, kwani mwili uliokauka haufai kwa kuzamia. Nepi za watu wazima zipo, vali maalumu za mapajani zipo, na hakuna aibu yoyote katika kuzitumia.

Zoezi la mwisho nililolipenda ni la vali ya kuingizia hewa kukwama wazi. Mkono wa kulia unachomoa kiungo kifuani, mkono wa kushoto umeinuliwa unatoa hewa. Tulilifanya kwa glavu nene, tukiwa tumefumba macho, kwa sababu vidole vyenye baridi havina ujanja. Suti ikijaa maji nayo tulilizungumza: maji yaliyo ndani hayakuvuti chini, kwa kuwa yana uzito uleule wa maji ya nje. Unachopoteza ni joto na hewa iliyokuwa ikikubeba, ndiyo maana jaketi lazima liweze kukuinua peke yake. Uzito wa maji hayo utausikia unapojaribu kupanda ngazi.

Kwa anayetaka kununua, ushauri wangu ni wa kuchosha lakini naushikilia: jifunze kwanza kwa suti ya kuazima au kukodi, kisha nunua inayolingana na mwili. Pana mno inahifadhi hewa nyingi miguuni. Finyu mno inakunyima mikono. Usiijaribu ukiwa na shati. Vaa nguo nene kuliko zote utakazotumia chini yake, funga zipu, kisha chuchumaa hadi mwisho, jikumbatie mpaka viganja vishike mabega, gusa vali ya kifuani na ya mkononi bila kutazama, na mwisho peleka mkono nyuma ya kichwa hadi pale koki ya mtungi itakapokuwa. Mkono usipofika, hiyo si saizi yako, hata kama rangi yake umeipenda.